Pedali Alizochagua Ndugu Yangu

Vifaa vilikuja ndani ya mfuko wa viatu, na kocha akavimwaga juu ya meza ya jikoni kwake kama mtu anayetaka kuchagua maharagwe. Kulikuwa na saa ya mkononi inayosoma mapigo ya moyo, mshipi wa kuvaa kifuani unaofanya kazi hiyo hiyo, na pedali mbili nyeusi zenye kitu ndani kinachopima nguvu ya miguu. Vyote vilikuwa vimeshatumika. Vilitumwa na mgeni aliyewahi kupanga chumba kwa kocha, ambaye huko kwao watu hubadilisha vifaa vya baiskeli hata kabla havijachubuka.

Kocha wetu ni mama mkulima. Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa kati kabla hajazaliwa, na ujana wake aliumalizia kwenye mashindano ya baiskeli. Sasa analima mahindi nje kidogo ya Kitale, na jembe likishawekwa chini hutufunza sisi. Waendeshaji tuko wengi, lakini siku hiyo aliwaita wawili tu, mimi na ndugu yangu. Timu moja ya Nairobi ilikuwa imemwambia ina nafasi moja. Ukichukuliwa unalala kambini, unakula kambini, unapewa baiskeli, kazi yako ni kuendesha tu. Lakini walitaka rekodi za msimu mzima: mapigo ya moyo, nguvu, uzito. Hawakutaka kusikia kwamba fulani ana bidii.

Mimi husambaza mikate kwa baiskeli pale Tuwan. Alfajiri nafunga kreti nyuma, nazunguka vioski, na saa nne niko huru kufanya mazoezi. Nilisoma mpaka darasa la nane. Nafasi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka, na sikumwambia mtu.

Kocha alitueleza kila kifaa polepole. Saa inaangalia damu kwa taa ndogo iliyo chini yake, kwa hiyo barabara ikiwa na mashimo na mkono ukitetemeka, inakudanganya. Mshipi unasikia moyo wenyewe, ila lazima uulowanishe kwa maji kabla ya kuuvaa. Pedali hazijali moyo wala hali ya hewa. Zinapima tu namna unavyokanyaga, na zinaandika kwa wati.

"Moyo unaweza kupiga kwa sababu umelala vibaya ama umekunywa chai ya rangi," alisema. "Wati ni kazi uliyofanya. Basi. Sasa chagueni wenyewe, mimi siingilii."

Ndugu yangu akanyoosha mkono akachukua pedali.

Hakuninyang'anya. Alichukua kama mtu anayechukua kofia yake mwenyewe kwenye msumari. Yeye ni mtoto wa baba mkubwa. Mimi nilizaliwa kabla yake, lakini tulitahiriwa asubuhi moja, katika uwanja mmoja, nyumbani kwetu Misikhu, na kwetu kisu hufuata ukubwa wa nyumba. Baba yake alimtangulia baba yangu, kwa hiyo yeye alisimama kwanza, nami nikasimama baada yake huku nikisikia watu wanamshangilia. Tangu asubuhi ile yeye ndiye mkubwa. Ananawa kwanza, anachukua nyama kwanza, na mtu wa kwetu haoni kama kuna la kuuliza.

Kocha ndiye aliyeuliza. "Ngoja kwanza. Si huyu ndiye mkubwa?" Alinionyesha mimi.

"Mimi ndiye nilitangulia, kocha," ndugu yangu akasema.

"Ulitangulia wapi?"

"Kwa kisu."

Kocha alicheka mpaka akashika meza. "Nyinyi watu! Ati hata pedali inaingia kwa mambo ya kisu?"

"Inaingia, bana. Muulize mwenyewe."

Wote wawili wakaniangalia. Nikasema inaingia.

Nikabaki na saa na mshipi. Saa ilikuwa nzuri. Nilijiona tayari nikipeleka mikate huku watu wa vioski wakiitazama. Lakini barabara za Tuwan nazijua, na nilitaka kitu ambacho timu ya Nairobi haingekitilia shaka. Nikachukua mshipi, kitu kinachovaliwa chini ya shati na ambacho hakuna mtu atakayejua kama unacho. Ndugu yangu alikuwa amezigonganisha pedali zake mara mbili, ko, ko, kama mtu anayejaribu glasi dukani.

Kocha alitusajili katika programu moja ya mazoezi, akawa anailipia yeye. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu nyingine ya bure, lakini ile ilikuwa ya kujionyesha tu, watu wanapeana sifa. Hii ilipanga wiki yako yote na kuipa kila siku rangi. Kijani ni kuendesha, njano ni kuendesha taratibu, nyekundu ni kupumzika. Ilikuwa ya Kiingereza. Mimi niliisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na maneno mengine nikayakariri kwa umbo lake. Ndugu yangu alimaliza kidato cha nne na anafanya kazi katika duka la simu mjini Bungoma. Aliisoma kama anavyosoma meseji.

Kila mmoja wetu aliweza kuona safari za mwenzake. Kocha alidhani hilo litatusaidia.

Kwa ndugu yangu, programu ilipima. Kwangu ilikisia. Ilitazama kasi yangu, ikatazama mlima, ikatazama uzito wangu, halafu ikaandika wati ilizodhani nimetoa. Mwishoni ilizigawanya wati kwa kilo za mtu, na hiyo ndiyo namba ambayo timu iliitaka, kwa sababu mlimani mwili wako ndio mzigo wako. Namba ya ndugu yangu ilikuwa juu ya yangu tangu wiki ya kwanza. Ikaendelea kupanda. Yangu ilipanda pia, lakini kama mtu anayemfuata mwingine sokoni bila kumpita.

Asubuhi niliangalia simu kabla ya kunawa uso. Nilijua ameamka, ameendesha wapi, amepanda wapi kwa nguvu. Nikiona ameendesha mbali kuliko mimi, mkate wa siku hiyo niliusambaza kwa hasira, na wenye vioski waliniuliza kama naumwa. Siku zangu nyekundu nilizivunja. Nilitoka kimya kimya upande wa Kiminini, nikateremka, nikarudi nikipanda, na mshipi ukaandika kila kitu, kwa hiyo kocha akajua.

"Moyo wako asubuhi unapiga haraka kuliko wiki jana," aliniambia kwa simu. "Unafanya nini?"

"Hakuna, kocha."

"Hakuna gani? Nimekuandikia upumzike, wewe unaenda Kiminini. Unamfukuza nani?"

Ndugu yangu naye alipiga jioni, sauti yake imejaa furaha.

"Bakoki!" Ndivyo tunavyoitana sisi tuliotahiriwa mwaka mmoja. "Umeona ya leo?"

"Nimeona."

"Si ni noma?"

"Ni noma."

"Na wewe mbona roho inapiga hivyo kwa mlima? Ama ulipita msichana?"

Alicheka, nami nikacheka kidogo ili asijue. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonichosha zaidi. Angekuwa na dharau ningemchukia nikatulia. Lakini alinitumia picha za milima aliyopanda, akaniambia mahali pa kubadilisha gia, akaniuliza kama mshipi unanichubua. Anachopewa anakipokea vizuri, na amezoea kupewa.

Nilihesabu dhuluma nilizotendewa moja moja barabarani. Yeye anaanza mazoezi Bungoma, anapanda akiwa na nguvu, kisha anarudi nyumbani akiteremka. Mimi naanza Kitale kwa kuteremka, na kurudi ndiko kuna mlima, wakati miguu imeshaisha. Yeye anakaa kiti dukani. Mimi nimebeba kreti tangu alfajiri. Yeye anapimwa, mimi nakisiwa. Nilijiambia kwamba siku nitakayokanyaga pedali zile, dunia itajua.

Jumamosi moja kocha alitupangia tukutane Misikhu, nusu ya njia, tuendeshe pamoja. Nilifika mapema nikaingia kwa baba mkubwa kusalimia. Baba mkubwa ananunua mahindi. Ana stoo barabarani, na mbele ya stoo kuna mizani ya kupimia magunia, ile ya bamba la chuma chini na mkono wa namba juu. Baba yangu alipofariki, ni yeye aliyesimamia mazishi na kutuhamishia vitu vyetu Kitale kwa lori lake la mahindi. Namheshimu.

"Karibu, mtoto wangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, baba. Anakusalimia."

"Umekonda. Hiyo baiskeli itakumaliza."

Aliingia ndani kumwambia mke wake alete chai. Ndugu yangu akafika, akaegemeza baiskeli ukutani, akavua viatu, na kabla hata ya kunisalimia akapanda juu ya mizani. Akasogeza kile chuma cha namba, akatoa simu, akaandika.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Najipima. Programu inataka kilo kila wiki. Kwani wewe unajipimia wapi?"

"Zahanati."

"Unapanga laini zahanati na mizani iko hapa?" Akashuka. Akaenda kisimani kujaza chupa yake maji.

Sijui kwa nini nilipanda. Labda kwa sababu alikuwa ametoka kusimama pale. Siku mbili kabla nilikuwa nimepimwa Kitale, na tangu hapo nilikuwa nimekula ugali na maziwa bila kujibania. Nikasogeza kile chuma. Kikatulia. Nikakisogeza tena. Nilikuwa nimepungua kilo saba.

Baba mkubwa alitoka na vikombe viwili. Akasimama mlangoni.

"Shuka hapo," akasema, bila kupandisha sauti. "Hiyo si ya watu. Hiyo ni ya mahindi."

Nikashuka. Alinipa chai akaangalia barabara. Pembeni kulikuwa na mama amekaa juu ya magunia yake mawili, anangoja kupimiwa, na mkononi ana gorogoro la bati alilopimia mwenyewe nyumbani. Alitutazama wote wawili kisha akaangalia chini. Nadhani yeye alijua zamani kwamba mizani ile inapunja. Watu wote wanaouza mahindi wanajua, ila hawana pengine pa kuyapeleka.

Ndugu yangu hakujua. Hakuwahi kuuza mahindi kwa baba yake.

Tuliendesha pamoja hadi karibu na Webuye na kurudi, na sikuhisi mlima. Nilikuwa na kitu mdomoni kama peremende ambayo sitaki iishe. Kilo saba. Ukimrudishia kilo zake, namba yake inaporomoka. Nilimwangalia mgongo wake mpana ukienda mbele yangu na nikashangaa kwamba sikuwahi kuona. Mtu mwenye mgongo ule awe na kilo zile! Alikuwa anageuka kila mara, "Bakoki, uko?" nami nikimjibu, "Niko."

Nilikwenda kwa kocha kesho yake baada ya kanisa. Alikuwa anapukuchua mahindi na wafanyakazi wake, nami nikakaa nikapukuchua pia, kwa sababu nikikaa bure maneno yangu hupotea. Nilikuwa nimeyapanga tangu usiku. Yalikuwa mazuri na marefu. Yaliyotoka yalikuwa haya:

"Kocha, kilo zake si za kweli."

"Za nani?"

"Za ndugu yangu."

Akaacha kupukuchua. "Anadanganya?"

"Hadanganyi."

"Sasa? Anajipimia wapi?"

Nikawaza yule mama aliyekaa juu ya magunia. Nikawaza lori lililobeba kitanda chetu. Kocha naye ni mkulima, na hakuna kitu kinachompandisha hasira kama mizani ya dalali. Neno moja tu lingemtosha.

"Sijui," nikasema.

Alinitazama sana. Halafu akarudi kwenye mahindi yake. "Sawa. Mtakuja wote wawili. Tutapima kila mtu mahali pamoja, na mtapanda mlima mmoja kwa pedali moja. Ningefanya hivyo tangu mwanzo. Timu inataka majibu wiki hii."

Nilitembea mpaka Tuwan nikiwa na furaha ya kunitia aibu. Nilikuwa nimepata nilichotaka bila kulitaja jina la mtu yeyote.

Tulikutana kwenye zahanati ndogo upande wa Kiminini, ambako muuguzi ni rafiki ya kocha. Mimi nilipanda kwanza, kwa sababu nilikuwa karibu na mlango. Kocha akasoma, akatazama simu, akaitikia kwa kichwa. Sawa. Kisha ndugu yangu akapanda, anatabasamu, anamtania muuguzi kwamba asimdunge sindano.

Kocha akasoma. Akasoma tena. "Hii ni nini?"

Ndugu yangu akainama kuona. Tabasamu lilikaa usoni kidogo bila kujua liende wapi. Akashuka, akapanda upya. Namba ilikuwa ile ile.

"Umekuwa ukijipimia wapi?" kocha akauliza.

Nilimwona akifika. Sijui namna nyingine ya kusema. Uso wake ulitoka kwenye mizani ya zahanati ukaenda mpaka Misikhu, kwenye bamba la chuma, kwa akina mama na magunia yao, kwa baba yake, na ukarudi. Akaniangalia mimi, na akajua kwamba nilishafika huko kabla yake.

"Nimenenepa tu, kocha," akasema. "Ugali ya nyumbani."

"Kilo saba kwa wiki moja? Unanifanya mjinga?"

"Nisamehe, kocha. Niliandika vibaya."

Kocha alikasirika. Alimwambia kwamba kijana wa kuandika vibaya mara moja anaweza kuaminiwa, lakini wa kuandika vibaya msimu mzima, hapana. Ndugu yangu aliipokea yote, ameinamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kumsema hivyo mbele yangu. Nilikuwa nimeingoja siku kama hiyo, na ilipofika nilikuwa natazama bango la chanjo ukutani.

Mlima tuliochagua unapanda kutoka mto Kamukuywa. Kocha alifuata nyuma kwa bodaboda. Ndugu yangu alipanda kwanza na pedali zake. Kisha kocha akazifungua kwa spana, akazifunga kwenye baiskeli yangu, akabonyeza simu ili zianze kutoka sifuri, na akaniambia nikae kidogo nipumue.

Zilikuwa pedali tu. Viatu viliingia kwa mlio mkali, basi. Nilikanyaga kutoka mtoni kama mtu anayefukuzwa. Nilifikiria kila kitu nilichokuwa nimehesabu: kreti, mlima wa kurudi nyumbani, nyama iliyochukuliwa kwanza. Sijawahi kupanda vile. Mwisho wa mlima nilitapika chai kwenye nyasi, na nilikuwa na uhakika.

Kocha alikaa kwenye bodaboda akihesabu kwenye simu. Sisi tulikaa kando ya barabara, mbalimbali kidogo, karibu na mahindi ya mtu yaliyoanikwa juu ya turubai.

"Ulijua," ndugu yangu akasema.

"Nilijua."

"Ungeniambia mimi."

"Ungesema nini?"

Akafikiria. "Ningesema unaona wivu."

"Naona kweli."

Akacheka kwa pua, bila furaha. "Umemwambia ni ya nani?"

"Hapana."

"Usimwambie. Mimi nitaongea na mzee." Akachukua punje moja ya mahindi akaitupa. "Sijui hata nitaanzaje."

Kocha akatuita. Alituonyesha namba mbili, moja juu ya nyingine. Kwa kilo zake za kweli, namba ya ndugu yangu ilikuwa imeshuka sana. Bado ilikuwa juu ya yangu. Na yangu mimi haikupanda kama nilivyongoja. Ilishuka pia. Siku zote nilizokuwa nalalamika kwamba nakisiwa, programu ilikuwa inanikisia vizuri kuliko nilivyo.

"Nimekasirika na wewe," kocha alimwambia ndugu yangu, "lakini wati si zangu. Nitatuma zilivyo."

Timu ilimjibu baada ya siku chache. Walimtaka yeye.

Alinipigia kuniambia mwenyewe, ingawa nilikuwa nimeshasikia kutoka kwa kocha. Nilisema hongera, na akasema asante, bakoki. Zamani nilikuwa na cha kulaumu. Nililaumu pedali, halafu mizani. Sasa kilichobaki ni kwamba ana nguvu kuliko mimi, na wivu wa kitu kama hicho hauna mahali pa kukaa, unazunguka tu mwilini.

Siku aliyosafiri nilipeleka mikate yangu yote, kisha nikaenda kwa kocha. Alikuwa shambani. Nilisimama kwenye mstari wa mahindi mpaka akaniona.

"Nafasi nyingine itakuja lini?" nikamuuliza.

"Sijui. Labda mwakani. Labda isije."

"Nipangie wiki ijayo."

Alifuta jasho, akaniangalia tangu viatuni. "Nikupangie ya kujenga mwili, ama nikupangie ya kumfikia yule?"

"Ya kumfikia."

"Hiyo ni ndefu," akasema.

Nikamwambia aanze kuandika.